Majini wa Kijuju Waliongea Kiswahili

Haya wadau, leo siasa tunaiweka pembeni. Nataka tuzungumze historia, ila si ile ya Mkutano wa Berlin tuliyoikariri kwa ajili ya mtihani. Ni historia ya gemu. Najua wapo wasomaji wangu ambao wakisikia neno gemu wanamwona mtoto aliyetoroka tuisheni. Nawaomba uvumilivu kidogo, maana kisa hiki kinaanzia Japani, kinapita Moshi mjini, kinapanda mpaka kwetu Machame, na katikati yake kuna lugha yetu.

Nianze na siku yenyewe. Ilikuwa mwaka 2009, pale Moshi, kwenye kichumba kimoja cha kuchezea gemu. Unalipa, unakaa kwenye benchi, unasubiri zamu yako. Nilikuwa nimeipa televisheni mgongo, napiga soga na jamaa mmoja tuliyesoma naye. Ghafla nikasikia watu wanapiga kelele kwa Kiswahili. Nikadhani wameweka filamu ya Kibongo. Nilipogeuka nikamwona Mzungu mmoja, mikono minene kama mashina ya migomba, anawamiminia risasi watu weusi waliokuwa wanamkimbilia na silaha mikononi. Hao waliokuwa wanapiga kelele kwa Kiswahili ndio hao hao waliokuwa wanakufa.

Vijana pale kwenye benchi walicheka mpaka machozi. Mmoja alikuwa anawajibu: "Sasa kama unakuja si uje, mbona unatangaza?" Hakuna aliyeogopa. Na hapo ndipo penye kisa chenyewe, kwa sababu gemu ile ilikuwa inauzwa dunia nzima kama gemu ya kutisha.

Gemu inaitwa Resident Evil 5. Imetengenezwa na Capcom, kampuni ya Japani, na ilitoka Machi 2009. Kwa wasioujua ukoo huu, Resident Evil ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Ilikuwa inatokea ndani ya jumba kubwa la kifahari, Marekani, limejaa maiti zinazotembea. Utisho wake haukuwa kwenye kupiga risasi. Ulikuwa kwenye uhaba wa risasi. Unatembea kwenye korido kimya, unasikia nyayo zako mwenyewe, unajua una risasi sita, hujui nyuma ya mlango unaofuata kuna nini. Wachezaji wengi wa zamani watakwambia hawajawahi kuogopa tena namna ile.

Mwaka 2005 ikaja Resident Evil 4, ikabadilisha mambo. Kamera ikahamia nyuma ya bega la mchezaji, risasi zikaongezeka, maadui wakawa wanakijiji wa Hispania wanaoitwa Ganado, neno la Kihispania lenye maana ya mifugo. Walikuwa wanafoka Kihispania, na Wahispania wenyewe walipoisikia wakasema lafudhi hiyo ni ya Mexico. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Ndipo ikaja ya tano. Safari hii watengenezaji wakahamia Afrika, kwenye eneo la kubuni linaloitwa Kijuju. Kionjo chake cha kwanza kilioneshwa mwaka 2007 na moto ukawaka hapo hapo. Kwenye blogu ya Black Looks, iliyokuwa inaandika mambo ya Waafrika, Kym Platt aliandika kupinga picha ile ya Mzungu peke yake anayeua kijiji kizima cha watu weusi. Mwaka 2008 N'Gai Croal, mwandishi mweusi wa Newsweek, akasema kwenye mahojiano kwamba picha za namna ile zina historia yake na huwezi kujifanya haipo. Wachezaji wengi walikuja juu. Hoja zao zilikuwa mbili kubwa: kwanza hao si watu, ni viumbe walioingiwa na vimelea, pili mbona Wahispania walipopigwa risasi mwaka 2005 hamkulia? Jun Takeuchi, mtayarishaji wa gemu, alikana nia yoyote ya ubaguzi. Vionjo vilivyofuata vikamwonesha Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika anayepigana bega kwa bega na yule Mzungu, Chris Redfield.

Mjadala huo umeandikwa sana. Lakini tangu siku ile ya benchi kuna kitu ambacho naona waliobishana wengi walikipita, kwa sababu hawakuwa na masikio ya kukisikia. Nacho ni Kiswahili.

Maadui wa Kijuju wanaitwa Majini. Ndani ya gemu kuna maandishi yanayoeleza kwamba neno hilo ni la Kiswahili na maana yake ni roho waovu. Sasa sisi tunajua kwamba jini si lazima awe mwovu. Neno limetoka Uarabuni, na Mswahili wa Pwani atakwambia kuna majini wema na wabaya, kama binadamu tu. Tena kwetu Machame ukimwambia mtu "nimetoka majini" anaweza kufikiri umeoga Weruweru. Na Kijuju je? Juju ni neno la Afrika Magharibi, wakalibandika "ki" ya kwetu mbele. Gemu yenyewe inasema tuko Afrika Magharibi, Sheva anatoka tawi la Afrika Magharibi la kikosi chake, lakini wenyeji wote wanaongea lugha ya huku Mashariki. Ni sawa na kutengeneza gemu ya Urusi halafu wanakijiji wote wanaongea Kireno.

Mtu anaweza kusema hayo ni makosa madogo, na mimi nakubali. Kilichonigusa ni kazi ambayo lugha yetu ilipewa. Kwa mchezaji wa Osaka au Chicago, Kiswahili kile hakina maana ya kueleweka. Kinatakiwa kisikike kama ngurumo, kama mbwa anayebweka gizani. Ni sehemu ya mapambo ya kutisha. Lakini maneno yana maana! Kwa kijana wa Moshi yule jini anatoa taarifa. Anatangaza anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Anaagiza wenzake. Ukishaelewa unachoambiwa, huogopi tena kama yule asiyeelewa. Unaweza kukasirika, unaweza kucheka, lakini lile giza limeshaondoka. Ndiyo maana benchi zima lilicheka.

Na hata wachezaji wa ughaibuni wasiojua neno moja la Kiswahili walilalamika kwamba gemu haitishi. Walisema ni nzuri, inavutia macho, ukicheza wawili inanoga, lakini woga haupo. Risasi nyingi, jua kali, maadui wanakuja kwa mafungu. Walisema pia kwamba ukitaka kupiga risasi lazima usimame, huwezi kutembea huku unapiga, na kwamba Sheva akiongozwa na kompyuta anakumalizia risasi na dawa. Gemu iliuza mamilioni ya nakala, lakini sifa ya woga iliipoteza.

Capcom wakasikia. Februari 2010 wakatoa nyongeza ya kwanza ya hadithi, inaitwa Lost in Nightmares. Machi 2010 wakatoa ya pili, Desperate Escape. Kila moja iliuzwa dola 5 na unaimaliza kwa muda wa filamu moja au chini yake. Na hapa naomba msome taratibu, kwa sababu nyongeza hizi mbili zikiwekwa pamoja zinasema jambo ambalo sidhani kama watengenezaji walikusudia kulisema.

Ile ya kwanza haipo Afrika. Inaturudisha nyuma hadi mwaka 2006 wa hadithi, huko Ulaya, ndani ya jumba la mzee Ozwell Spencer. Chris na mwenzake Jill Valentine wanaingia usiku, nje mvua na radi. Ukumbi wa mlangoni umejengwa kwa makusudi ufanane na ule wa mwaka 1996. Kuna hata utani wa kificho: ukikagua mlango wa mbele mara kadhaa unaweza kucheza kwa kamera ya kizamani. Muda mrefu unatembea bila kukutana na adui yeyote. Unasoma shajara za watu waliokufa. Unasikia mbao zinalia. Baadaye unaanguka chini kwenye mifereji ya maji machafu, silaha huna, na kuna kiumbe kikubwa kinaburuta nanga kwenye maji. Huwezi kukipiga. Inabidi ukihadae, kikufuate mpaka kwenye mtego.

Wachezaji walishangilia. Maoni yalikuwa karibu yanafanana: hatimaye woga umerudi, hii ndiyo Resident Evil tunayoijua, kwa nini gemu nzima haikuwa hivi? Lawama kubwa ilikuwa kwamba ni fupi.

Nyongeza ya pili ikaturudisha Afrika. Jill na Josh Stone, kapteni Mwafrika, wanatafuta njia ya kutoka. Majini wanakuja kwa mafungu, wanafoka Kiswahili chao, wewe unamwaga risasi mpaka helikopta ifike. Maoni? Inasisimua, ina kasi, mwisho wake juu ya paa una jasho. Lakini kutisha, hapana.

Mmeona? Watengenezaji walikuwa wanajua vizuri sana jinsi ya kutengeneza woga. Fundi hakuwa amesahau kazi. Ukimya, uhaba, giza, siri ya familia, maiti yenye jina na shajara: vyote vilikuwepo kabatini. Vikatolewa kwa ajili ya jumba la Ulaya. Afrika ikapewa risasi. Jumba la mzee Spencer lilistahili kutembelewa polepole, kila chumba kina kumbukumbu. Kijuju ilistahili kupitwa mbio, bunduki begani. Na wachezaji waliposema "hatimaye inatisha", bila kujua walikuwa wanasema pia kwamba mahali penye historia panatisha kuliko mahali palipojazwa watu wasio na majina.

Nawasikia wabishi wangu. Mmoja atasema: jumba ndiyo asili ya ukoo wa Resident Evil, wachezaji walishangilia kwa sababu ya kumbukumbu za utotoni. Ni kweli, na sina sababu ya kuificha. Mwingine atasema: wanakijiji wa Hispania nao walipigwa risasi kwa mafungu, na lugha yao ikaharibiwa lafudhi. Kweli tena. Lakini kijiji kile cha Hispania kilikuwa na kanisa, kilikuwa na ngome ya kale, ukungu, makaburi. Kilipewa ukimya wake. Na hata Kijuju ilikuwa na mbegu ya hadithi kubwa. Kuna shajara moja ya kijana wa kabila la kubuni la Ndipaya, unaiokota kule kwenye mabwawa. Anaeleza jinsi watu wa kituo cha mafuta walivyokuja kuwachoma wanakijiji sindano wakisema ni kinga ya maradhi, na jinsi kijiji kilivyobadilika siku baada ya siku. Jamani, hiyo ni kurasa chache tu, lakini ina utisho kuliko bastola zote za gemu nzima! Kampuni ya kigeni, sindano, ahadi, halafu jirani yako anaanza kukuangalia vibaya. Hiyo ndiyo nyongeza ambayo ningelipa dola 5 zangu. Badala yake ukitoka kuisoma unakutana na watu wa kabila hilo wamevaa majani na vinyago, wanarusha mikuki, na wewe unarudi kazini.

Nasema ningelipa, lakini tuwe wakweli, ningelipia wapi? Mkonga wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam Julai 2009, ila intaneti ya kushusha mafaili makubwa nyumbani ilikuwa bado anasa. Kadi ya benki ya kununulia vitu mtandaoni wangapi tulikuwa nayo? Tena wengi wetu tuliicheza kwenye kompyuta, kwa CD ambazo sitaki kusema zilitoka wapi. Toleo la kompyuta lilitoka Septemba 2009 na nyongeza zile mbili hazikuletwa huko hadi mwaka 2015. Kwa hiyo wenye PlayStation 3 na Xbox 360 walipokuwa wanajadili jumba la Spencer, wenzao wa kompyuta walikuwa wamebaki Kijuju na majini wao, miaka 5! Sisi tulipata ile sehemu ya risasi tu. Ile ya ukimya tuliisoma kwenye maoni ya wengine.

Sasa pandeni nami mpaka Machame, maana neno majini lilifika huku zamani sana kabla ya Capcom.

Mei 11, 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro na kitu cheupe juu yake. Alikuwa anasafiri na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu wa Pwani. Waswahili wa misafara walikuwa na simulizi yao kuhusu mlima huu: kwamba una roho wabaya. Waliojaribu kuukaribia waliuawa na roho hao. Mikono na miguu ilikakamaa, na baruti iligoma kuwaka. Hebu fikirini. Silaha haifanyi kazi, mwili hauendi, na adui huonekani kwake wala hummuoni! Capcom walihangaika hadi 2010 kuirudisha hali hiyo kwenye mifereji ya Spencer, na watu wa misafara walikuwa wanaisimulia motoni miaka 160 nyuma.

Novemba mwaka huo huo Rebmann akaanza safari ya pili na kufika Machame kwa Mangi Mamkinga. Akaandika kisa alichosimuliwa cha Rengua, mangi wa Machame wa kizazi kilichotangulia. Rengua alituma watu wapande wakaone kile cheupe ni nini, huenda ni fedha. Alirudi mmoja, mikono na miguu imeharibiwa na baridi kali. Lakini Rebmann akakuta pia kwamba Wachagga wanaoishi chini ya mlima wana jina la kitu kile, Kibo, na wanajua kwamba kikiyeyuka kinakuwa maji. Watu wa mbali walikuwa na majini. Watu wa mlimani walikuwa na theluji, na waliijua kwa sababu waliilipia kwa maisha ya ndugu zao.

Na kulikuwa na mtoa maoni wa mbali zaidi. Habari ya theluji karibu na ikweta ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alisema haiwezekani. Akaendelea kushikilia hivyo miaka mingi, hata baada ya safari za Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 kuthibitisha. Tabia ya kuisemea Afrika ukiwa umekaa kwenye kiti haikuanza na gemu.

Sisemi wageni wasiiguse lugha yetu. Mwaka 2005, gemu nyingine, Civilization IV, ilifunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin uitwao Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na Februari 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Nimeshawaona watu wasiojua Kiswahili wakitokwa na machozi kwa wimbo ule. Lugha ni ile ile. Kwenye gemu moja ilipewa sala, kwenye nyingine ikapewa kubweka. Na wapo wa kwetu waliojaribu: mwaka 2015 Andrew Kaggia wa Kenya alitoa Nairobi X, gemu ya kupiga risasi ambamo mwenyeji ndiye mwenye bunduki na wavamizi wanatoka anga za mbali.

Lakini bado nasubiri ile ya kutisha. Mtu aliyekulia Machame haitaji jumba la Ulaya. Njia nyembamba kati ya migomba saa mbili usiku, umeme umekatika, mvua imetoka kunyesha, jani pana linajigeuza lenyewe. Chini ya ardhi ya Uchagga kuna mapango yaliyochimbwa na wazee kujificha wakati wa vita, korido nyembamba ambazo adui akiingia anaingia kwa kuinama, kichwa kikitangulia. Wazee wale walibuni gemu ya kutisha wakiwa wanapigania uhai wao. Na katika gemu hiyo, sauti itakayotoka gizani iongee Kiswahili, au Kimachame kabisa, na iseme kitu cha kueleweka. Iite jina la marehemu unayemfahamu. Nawahakikishia pale kwenye benchi hatacheka mtu.

Yule jamaa aliyekuwa anawajibu majini siku ile ya 2009 alimaliza zamu yake, akasimama, akasema: "Hawa wangekuwa wametoka kwetu kweli, wangeanza na salamu."

Nawasilisha.